Nani Afunge

Mbwa wetu alikuwa amelala chali juu ya mlango wa ghala, miguu minne imefungwa kwa vitambaa, tumbo limenyolewa, ndipo ugali ulipoanza kumtoka puani.

Ulikuwa ugali wa wimbi, uliochanganyika na mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Niliutambua. Kila nyumba kwetu ina namna yake ya kusugua kibuyu kwa mkaa kabla ya kugandisha maziwa, na zile punje nyeusi zilizokuwa zikitoka pamoja na povu zilikuwa za kibuyu cha mama yangu, wala si za mtu mwingine.

Daktari alikuwa tayari ameshika kisu. Alikirudisha ndani ya sinia, taratibu.

"Huyu amekula," alisema.

"Hajala," nikamjibu.

"Na hii imetoka wapi, mbinguni?"

Aliinua miguu ya nyuma ya mbwa, akaniambia nishike kichwa kiangalie chini, akaingiza vidole viwili vilivyozungushiwa kitambaa hadi kwenye koo na kuanza kuchota. Mbwa hakupinga. Sindano mbili zilikuwa zimeshamlaza, na ulimi wake ulikuwa ukining'inia kwenye kiganja changu kama kitu kisicho na mwenyewe. Nilihesabu pumzi zake. Baada ya ya saba nilisubiri ya nane muda mrefu.

Ilikuwa Jumamosi, yapata saa tatu asubuhi, nyumbani kwetu Boito, katikati ya miaka ya tisini. Ili nieleze ugali ule ulifikaje mahali pale, lazima nirudi nyuma.

Mbwa huyo alitoka Chepilat, ndani ya kikapu cha ndizi. Mama alikwenda sokoni huko kwa mwanamke aliyekuwa akimuuzia ndizi kwa miaka mingi, na mwanamke yule, baada ya kupanga ndizi, akaweka mtoto wa mbwa juu yake kama mtu anavyoongezewa nyanya moja. Mama hakutaka mbwa jike. Mbwa jike huleta madume ya kila boma uani kwako. Lakini kurudisha nyongeza ni kumtukana aliyeitoa, kwa hiyo aliabiri gari na ndizi zake na mbwa wake, na alipofika nyumbani alikuwa ameshampa jina. Jina hilo sitaliandika. Lilikuwa la mtu wa ukoo wetu, na mpaka leo kuna wanaolalamika.

Mbwa alipokuwa na mwaka mmoja na kitu, mama alianguka shambani. Ana presha, na siku hiyo alikuwa amechuma tangu alfajiri bila kunywa hata chai. Asiyelima chai huenda asielewe ubaya wa kuanguka humo. Chai iliyotunzwa vizuri hukutana juu ikawa kama meza ya kijani inayofika kiunoni. Ukianguka kati ya mistari, majani yanajifunga juu yako, na anayepita hatua tano kutoka ulipo haoni chochote. Mbwa alisimama mahali pamoja akabweka. Hakukimbia huku na huku, hakurudi nyumbani. Jirani yetu, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa akipita barabarani, akashangaa ni mbwa gani anabwekea chai. Ndiye aliyemtoa mama.

Tangu siku hiyo mambo yalipangwa hivi. Mimi nilikuwa karani katika kiwanda cha chai upande wa Kiptere, nikipanga chumba huko, nikirudi Boito mwisho wa wiki. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Ndugu zangu walikuwa mbali. Mama alikataa kuhama na alikataa kuwekewa msichana wa kazi. Aliyekuwa naye shambani kila siku alikuwa mbwa. Nikiwa ofisini, mbele ya mashini ya chapa, mvua ikipiga mabati, niliweza kufanya kazi kwa sababu moja tu: nilijua yuko naye.

Ndiyo maana ugonjwa wake ulipoanza niliogopa kwa namna ambayo watu wengine walidhani ni upuuzi.

Nina mazoea ya kuandika kila kitu. Nilikuwa na daftari la mambo ya nyumbani: siku ng'ombe alipopandishwa, siku mama alipopimwa presha, siku mbwa aliposhikwa na joto la kutaka dume. Daftari ndilo lililonionyesha. Kila baada ya joto, kama miezi miwili hivi, aliugua. Mara ya kwanza alipoteza hamu ya kula siku nne. Mara ya pili alikunywa maji kana kwamba ndani yake kuna shimo, na nzi wakamfuata. Mara ya tatu tumbo lilivimba, akatoka uchafu wenye harufu ambayo mama alijaribu kuiondoa kwa kufukiza majani jikoni, na kwa siku mbili mbwa hakwenda shambani. Mama alichuma peke yake.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alikuwa mtu wa upande wa ziwa aliyekaa kwetu muda mrefu, mrefu wa kuinama kila mlangoni, mwenye duka la dawa za mifugo pale sokoni nilipokuwa nabadilishia gari. Kikipsigis alikuwa anakielewa kuliko alivyokisema, kwa hiyo yeye na mama walizungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lafudhi yake. Kwa mama yeye alikuwa "taktari". Watu walimfahamu kwa mambo mawili. La kwanza, mkono wake ulikuwa mwepesi ng'ombe akishindwa kuzaa. La pili, alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumatano alifunga. Ukimwita Jumatano hukumpikia chai. Wake wa Boito walijua hilo kama walivyojua siku ya soko.

Alimdunga mbwa sindano kwa siku tano, na akapona. Siku ya mwisho alinawa mikono kwenye karai, akanitazama.

"Dada, mfuko wake wa uzazi unajaa usaha. Safari hii umefunguka, umetoka. Siku moja utajaa na ufungwe ndani. Hapo hata ukinitumia ndege sitafika."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuutoe. Akiwa mzima, kabla ya joto lingine. Akiwa mgonjwa ni hatari, akiwa kwa joto damu ni nyingi. Kuna katikati hapo."

"Na usipoutoa?"

"Mara ya nne sitakuahidi kitu."

Nilifungua daftari nikahesabu. Joto lilikuwa linatarajiwa kabla ya Krismasi. Ile katikati aliyoisema ilikuwa wiki chache tu za Oktoba na Novemba.

Nilimweleza mama jioni ile. Nilianza vibaya. Nilitumia neno kuhasi, kwa sababu sikuwa na jingine.

"Kuhasi ni kwa fahali," mama alisema.

"Basi si kuhasi. Ni kutoa."

"Kutoa nini?"

"Nyumba ya watoto."

Aliinuka akaenda kukoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. Nilijua tumefika wapi. Mama alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyemfuata kwa kuzaliwa. Alipelekwa hospitali kutolewa kitu hicho hicho, nikiwa bado mdogo. Aliingia kwa miguu yake, akiwa na kikapu, akawapungia mkono. Habari hiyo mama aliisimulia mara nyingi, na kila mara haikuishia kwenye kifo. Iliishia kwenye uji. Alikuwa amewapelekea wauguzi chupa ya uji wa wimbi jioni ile, wakaurudisha, wakasema mgonjwa haruhusiwi kula. "Alikwenda bila hata uji," mama alikuwa akisema. "Mtu wangu alikwenda na njaa."

Aliporudi kutoka kwenye sufuria alisema, "Wewe ndiye umesoma. Amua."

Ningependa angekataa. Angekataa ningekuwa na mtu wa kubishana naye.

Kwa wiki tatu nilikuwa nikiamua. Nilipitia dukani kwa daktari nikiwa nimeandika maswali kwenye karatasi, nikamuuliza moja baada ya jingine huku yeye akimpimia mtu dawa ya kupe.

"Umewahi kumfanyia mbwa jike?"

"Nimefanya."

"Wangapi?"

"Nikiwahesabu kwa vidole, vidole vinabaki." Alicheka kidogo, akaona sicheki. "Ng'ombe ungeniuliza ningejibu kwa kifua. Watu wa huku hawaleti mbwa, dada. Mbwa akiugua anaachwa aende zake."

"Kuna aliyekufa?"

"Mmoja hakuamka."

"Kwa nini?"

"Hakuamka," alirudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshajiuliza. Kisha akaongeza, "Na wale ambao sikuwafanyia wamekufa zaidi. Hiyo pia uandike."

Niliandika. Usiku nilisoma nilichoandika, nikafunga daftari, nikalifungua tena. Nikimwacha, huenda afe Januari au Februari, akinuka, mimi nikiwa Kiptere. Nikimpeleka kisuni, huenda afe Novemba, mbele yangu, kwa uamuzi wangu. Kifo cha kwanza kingekuwa cha Mungu. Cha pili kingekuwa changu. Nilipogundua kwamba hiyo ndiyo tofauti niliyokuwa naipima, na si nafasi ya mbwa kupona, niliona haya. Kesho yake nikamwambia daktari aagize dawa ya usingizi.

Habari ikasambaa kabla yangu. Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza mama kwenye kituo cha kununulia chai. Tulikuwa foleni na vikapu vyetu, na mwanamke aliyekuwa mbele yetu hakugeuka hata kutazama.

"Ati mbwa anaingia thieta kupasuliwa?"

"Anaingia," mama alisema.

"Mimi nikiugua napewa aspirini mbili, naambiwa nirudi Jumatatu."

"Wewe unaweza kubweka?" mama akamuuliza. "Bweka kidogo, tukupeleke."

Foleni nzima ilicheka, mpaka karani wa mizani akasahau alikuwa amepima kikapu gani. Mama alicheka pia. Lakini tulipofika langoni aliinama akamshika mbwa masikio yote mawili, akayakunja na kuyakunjua, kama anayepima kitambaa.

Dawa ya usingizi ilichelewa. Nilipopita dukani Jumatano ya pili ya Novemba ilikuwa bado haijafika. Siku hiyo hiyo kwenye gari nilikutana na jirani yetu mwalimu, akaniambia ameona madume mawili yasiyo ya kwetu yamelala kando ya lango la mama. Hayakuwa yakifanya lolote. Yalikuwa yamelala tu, yakingoja. Joto lilikuwa linakuja mapema kuliko daftari lilivyosema. Kesho yake, Alhamisi, daktari alituma ujumbe kiwandani: dawa imekuja, atafika Boito Jumamosi asubuhi, nipitie kwake nipewe maagizo.

Nilimkuta dukani akifunga milango. Alinisomea maagizo haraka, mimi nikiandika juu ya goti. Meza ndefu, au mlango juu ya mapipa mawili. Maji ya moto mengi. Vitambaa vilivyochemshwa. Kisha akasema, "Na kufunga, dada. Kuanzia kesho jioni saa kumi na mbili. Chakula hapana, hata maziwa. Maji kidogo tu."

Ijumaa nilikuwa na kazi mpaka jioni, nisingefika kabla ya wakati huo. Niliandika barua usiku uleule, nikampa mwalimu aliyekuwa akirudi Boito asubuhi ya Ijumaa, amsomee mama. Barua za kwetu tuliandika Kiswahili. Kikipsigis kilikuwa cha kusema. Mama alikisikia Kiswahili vizuri, ila kusoma hakuweza, na kuandika hakuandika zaidi ya jina lake. Barua yenyewe ninayo. Inasema hivi:

"Mama, daktari anakuja Jumamosi asubuhi. Ule mlango wa ghala utolewe, tutauweka juu ya mapipa. Maji ya moto yawe mengi. Kufunga kuanze kesho Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Chakula hapana, hata maziwa hapana, maji kidogo tu. Usiogope. Mimi nitafika usiku."

Nimeisoma mara nyingi. Lini, ipo. Saa, ipo. Nini, ipo. Nilikuwa mtu aliyejivunia kuuliza maswali yote, na nikaacha swali moja: nani.

Nilifika Ijumaa saa tatu usiku, mvua ikinyesha. Mama alikuwa amekaa gizani karibu na moto na Biblia magotini. Nilimuuliza kama kila kitu kiko tayari, akasema kiko. Nilimuuliza, "Kufunga?" Akasema, "Tangu saa kumi na mbili." Mbwa alikuwa amejikunja karibu na mafiga. Nilimgusa tumbo, nikahisi limejaa, na nikajiambia ni woga wangu.

Hapo ndipo tulipofika asubuhi ile, juu ya mlango wa ghala.

Daktari alichota mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Akaweka kifaa chake cha kusikilizia kifuani mwa mbwa, akahamisha, akahamisha tena.

"Nani alimlisha?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akiushikilia. Alikuwa na rangi ya majivu.

"Ni mimi," alisema. "Nilimpa chakula changu. Mimi nimefunga."

Daktari aliinua kichwa.

"Mama, kwani ni wewe unakatwa?"

"Ulisema tufunge, taktari. Na wewe unafunga. Nilijua ni kwa ajili ya maombi."

Daktari alicheka kicheko kimoja kifupi, kama kikohozi, akakikatisha hapo hapo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiona kitu kimoja baada ya kingine kwa mpangilio: barua yangu, Jumatano zake, chakula cha mama ambacho hakikuweza kutupwa kwa sababu kwetu chakula hakitupwi. Mama alikuwa amefunga kwa ajili ya mbwa, na kwa kuwa amefunga, mbwa alikuwa amekula mara mbili.

"Sikilizeni," daktari alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya kazi. "Iko njia mbili. Namwacha aamke, namfungua, narudi siku nyingine. Lakini dawa hii ndiyo niliyo nayo, ya pili sijui nitaipata lini, na ninyi mna wageni pale langoni." Alielekeza kidevu chake nje. Madume yalikuwa matatu. "Ama naendelea. Nikiendelea, tumbo bado liko na chakula. Kikipanda tena kikaingia kwa mapafu, mtampoteza wiki ijayo badala ya leo. Nani anasema?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye mlango, midomo ikicheza.

"Anasema nini?" daktari aliniuliza.

"Anaomba."

"Basi sema wewe."

Nilikuwa na wiki tatu za maswali na majibu ndani ya daftari, na hakuna hata moja lililonisaidia. Nilitazama tumbo lile lililonyolewa. Ngozi yake ilikuwa changa kuliko nilivyofikiri, ya waridi, yenye madoa, kitu ambacho mbwa hakukusudia kumwonyesha mtu.

"Kata," nilisema.

Alisogeza mlango ukawa mteremko, kichwa kikaning'inia chini ya mwili. Kazi yangu ilikuwa kushika ulimi na kusema kila pumzi. Nilisema, "Moja. Moja. Moja," kwa sababu niliogopa kuhesabu kwenda mbele. Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Mara mbili povu lilikuja, mara mbili nilifuta. Mara ya pili niliingiza vidole mpaka kwenye vifundo vyake, na nikahisi ndani ya koo pana joto, panacheza.

Daktari alikata, akapanua, akatafuta. Kisha akaniita nitazame. Sikutaka, nikatazama. Alikuwa ameinua kitu chenye pembe mbili, na pembe moja ilikuwa nene kuliko nyingine, imejaa, inang'aa.

"Hii ilikuwa njiani," alisema.

Aliposhona uzi wa mwisho ilikuwa inakaribia saa tano. Alimgeukia mama.

"Mama, sasa fungua. Uji. Niuone ukiingia."

"Nitafungua akifungua."

"Huyu atalala mpaka jioni. Wewe una presha. Nikimaliza kushona mbwa nianze kushona wewe?"

Daktari alikataa kuondoka. Alisimama jikoni, kichwa chake kikigusa paa, mpaka mama alipomaliza bakuli zima. Mama alilia akinywa. Nilidhani ni njaa.

Mbwa aliamka alasiri, akatembea kama mlevi hadi kwenye mafiga, na pale akakohoa. Kikohozi kidogo, chenye maji. Mimi na mama tulitazamana. Daktari alikuwa ameniachia kipimajoto na mstari nisiouvuka: ikipita thelathini na tisa na nusu, nimwite. Jumapili asubuhi ilikuwa juu ya mstari. Mama hakwenda kanisani. Mwalimu alikwenda kumwita daktari kwa niaba yetu, naye akaja baada ya ibada, na suti yake, akapiga magoti kwenye majivu na kumdunga sindano. Jumatatu sikwenda kazini. Jumanne pia. Nililala chini karibu naye, nikisikiliza kifua chake kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani kupitia ukuta. Kila nilipomkaribia mama, aliniuliza jambo lile lile: "Amekula?" Na kila mara nilimjibu, "Bado."

Jumatano alasiri alilamba maziwa kutoka kwenye kiganja cha mama. Daktari hakumdunga siku hiyo. Alikuja, akasimama mlangoni, akasikiliza, akasema tu, "Leo msinipikie chai."

Mbwa aliishi miaka mingine tisa, na siku nyingi za miaka hiyo alizimaliza shambani, nyuma ya mama. Kwa hiyo kisa hiki kingepaswa kuwa kimekwisha.

Lakini miaka michache iliyopita nilikuwa Boito, mama akaniomba nimsomee Zaburi. Macho yake hayakuwahi kusoma, sasa hata hayaoni picha. Nilifungua Biblia, ikajifungua yenyewe mahali palipokuwa na karatasi. Ilikuwa barua yangu, imekunjwa mara nne. Nilitabasamu nikaikunjua.

Juu ya neno kufunga, katikati ya mistari, kwa penseli, kuna maneno mawili yameongezwa: kwa mbwa. Kuna pia kialama kidogo chini yake, kama kile walimu wanachoweka mwanafunzi akiruka neno.

Mwandiko si wangu. Wa mama hauwezi kuwa.

Nilimtafuta mwalimu. Amestaafu, anaishi Kericho mjini kwa mwanawe. Alisema ndiyo, alimsomea mama barua ile Ijumaa asubuhi, wamesimama langoni. Penseli? Alicheka. Penseli haikumtoka mkononi miaka thelathini, alisahihisha hata matangazo ya kanisa. Inawezekana aliandika pale pale. Inawezekana aliandika baadaye, tulipokwisha kupata somo. Je, alimsomea mama maneno hayo kwa sauti? Alifikiri kwa uaminifu. Hakumbuki.

Mama nilimuuliza mara moja tu, jikoni. Nilimsomea barua yote, nikaweka maneno ya penseli mahali pake: kufunga kwa mbwa kuanze kesho Ijumaa. Nikasema, "Mama, ulisomewa hivi?"

Alielekeza uso kwenye moto. Bakuli la uji lilikuwa mkononi mwake, hajaligusa, nami nikaikumbuka chupa waliyoirudisha wauguzi.

"Umefungia kuku?" aliniuliza.

Nilitoka kuwafungia. Niliporudi alikuwa amelala.